Mtoto Asiyesumbua

Mwezi huu naomba tuketi kidogo mbele ya televisheni. Najua wako watakaoguna. Kuna nyumba ambazo televisheni hufunikwa kitambaa Juma Kuu lote, na kuna nyumba ambazo jioni haipiti bila mchezo. Sikuja kuwaamua. Nataka tuzungumze juu ya mchezo mmoja wa Kimarekani uliojaa nyimbo, ambao wengi wetu tumeutazama pamoja na binti zetu, wengine kwa diski za kuazima na wengine kwenye simu, na juu ya mtoto mmoja ndani yake ambaye waandishi walikuwa wakimsahau kila mara.

Mchezo wenyewe unaitwa Nashville, kwa jina la mji wa jimbo la Tennessee ulio makao ya muziki wa kantri. Aliyeubuni ni mwanamke, Callie Khouri. Ulianza kuonyeshwa Oktoba 2012 katika kituo cha ABC. Mwaka 2016 ABC wakaukatisha, lakini kituo kingine, CMT, kikauokota, nao ukaendelea hadi Julai 2018. Zilitoka misimu sita, sehemu 124. Nyimbo zake zilitungwa na watunzi wa kweli wa mji huo, na waigizaji wakaziimba kwa sauti zao wenyewe. Na kwa kuwa hili ni gazeti la Kikristo, niseme kidogo juu ya Ryman, ukumbi mashuhuri wa mji ule. Haukujengwa kwa ajili ya magitaa. Mwenye meli za mtoni, Thomas Ryman, aliguswa na mahubiri ya Sam Jones, akasimamia ujenzi wa nyumba kubwa ya kuhubiria Injili, nayo ikafunguliwa mwaka 1892. Hata leo watu wanaokwenda kusikiliza muziki humo huketi kwenye mabenchi ya kanisa.

Kwa yule asiyeujua mchezo huu nitaeleza kwa ufupi. Rayna Jaymes, anayeigizwa na Connie Britton, amekuwa malkia wa kantri kwa muda mrefu, na sasa tiketi zake haziuziki kama zamani. Juliette Barnes, anayeigizwa na Hayden Panettiere, ni msichana anayepanda juu kwa kasi, mwenye hasira na majeraha ya kulelewa na mama mlevi wa madawa. Rayna ameolewa na Teddy, na nyumba yao ina mabinti wawili, Maddie na Daphne. Kumbe Maddie si wa Teddy kwa damu. Baba yake ni Deacon, mpiga gitaa wa Rayna, ambaye siku zile alikuwa amezama katika pombe. Teddy alilijua jambo hilo tangu mwanzo, akamwoa Rayna, akamlea mtoto kama wake. Daphne, kitinda mimba, ndiye mtoto wa Teddy.

Mabinti hao wawili wanaigizwa na ndugu wa kweli kutoka Kanada, Lennon Stella na mdogo wake Maisy. Mwaka huohuo wa 2012 walijulikana sana kwa video moja ambamo wanaimba huku wakipiga makopo matupu ya siagi badala ya ngoma. Mchezo ulipoanza Lennon alikuwa na miaka 13, Maisy miaka 8. Sauti zao zinaoana kama zinavyooana sauti za ndugu waliokuwa wakiimba pamoja tangu utoto. Ukifumba macho huwezi kusema nani mkubwa nani mdogo.

Lakini fumbua macho, utazame nani anapewa kisa. Maddie ndiye anayeipata ile karatasi inayoonyesha baba yake ni nani. Maddie ndiye anayekwenda kumtafuta Deacon. Maddie anapenda, anatoroka, anajibu mama yake vibaya, anataka mkataba wa kurekodi kabla ya wakati. Katika msimu wa nne anakwenda mahakamani kuomba atolewe chini ya mamlaka ya wazazi wake, na hakimu anamkubalia. Haya yote yalipewa sehemu nzimanzima. Tuliingia chumbani kwake, tukalia naye, tukamkasirikia, tukamsamehe.

Na Daphne? Daphne yuko mezani. Daphne yuko ngazini anasikiliza watu wazima wakigombana. Daphne anauliza swali moja, anajibiwa nusu, kamera inahama. Kisha anaitwa kuimba na dada yake, anaimba vizuri mno, anapigiwa makofi, na hatumwoni tena hadi sehemu ya tatu baadaye.

Sasa nisaidieni kuhesabu, mama zangu. Wazazi wa Daphne wanaachana. Baba yake mzazi, ambaye amekuwa meya wa mji, anakamatwa na kufungwa. Mama anaolewa na Deacon, ambaye ni baba wa dada yake lakini si baba yake yeye. Dada, aliyekuwa mwenzake wa kuimba na wa kila kitu, anakwenda mahakamani na kuhama nyumba. Halafu, Februari 2017, katika msimu wa tano, mama anakufa kwa majeraha ya ajali ya gari, mabinti wakimwimbia kando ya kitanda cha hospitali. Mtoto huyo anabaki katika nyumba ya baba wa kambo. Katika mchezo mzima, ukitafuta mtoto aliyebeba mzigo mzito kuliko wote, utafika kwa Daphne. Na ukitafuta aliyepewa dakika chache kuliko uzito wa mzigo wake, utafika kwake tena.

Nimejiuliza kwa nini, kwani waandishi wale hawakuwa watu wasiojua kazi. Sehemu ya jibu ni hesabu tu. Saa moja ya televisheni ya biashara kule Marekani, ukitoa matangazo, ni kama dakika 42. Humo lazima nyimbo ziingie, na wimbo haukubali kukatwakatwa kama mazungumzo. Kinachobaki wanagawana watu kumi au zaidi. Msimu wa kwanza ulikuwa na sehemu 21, uliofuata 22, na sehemu hizo huandikwa huku nyingine zikipigwa picha, kama mama anayepika huku anagawa. Watoto waigizaji nao wana masomo yao, na saa zao za kazi huwa chache kuliko za watu wazima. Tena maisha ya waigizaji yenyewe huingia katika kisa. Panettiere alipopata ujauzito mwaka 2014, Juliette naye akawa mjamzito. Alipotangaza, Oktoba 2015, kwamba anatibiwa sonona iliyompata baada ya kujifungua, Juliette akakosekana katika sehemu kadhaa za msimu wa nne.

Lakini hesabu haimalizi jibu. Mchezo wa televisheni hula matatizo. Mwenye tatizo linaloonekana ndiye anayepewa muda, kwa sababu mtazamaji atarudi wiki ijayo kuona limeishaje. Mtu akitulia, akafanya wajibu wake, mwandishi hana pa kumshika. Juliette aliharibu kila alichogusa, na kila msimu alikuwa na kisa kipya, hadi msimu wa sita akaingia katika kundi la imani ya ajabu na kufika Bolivia. Mimi nilichoka hapo, sitaficha. Tandy, dada yake Rayna, mwanamke mwenye akili timamu, mwanzoni alikuwa mtu wa maana katika mchezo. Akawa anaonekana kwa nadra, kisha akapotea, wala pengo lake halikuonekana.

Teddy naye yafaa atajwe, kwa sababu yeye anaonyesha jambo hili kwa upande wa pili. Mwanamume aliyekubali mtoto asiye wake na kumpenda, kwangu mimi ndiye alikuwa na kisa kizuri kuliko vyote katika nyumba ile. Kisa cha namna hiyo kinahitaji utulivu kukisimulia. Waandishi walihitaji nafasi ya Deacon, basi Teddy akapewa uzinzi, kisha ubadhirifu, kisha pingu. Alipewa matatizo ili apewe muda, na muda ule ukammaliza. Beverly, dada yake Deacon, alifanyiwa karibu vivyo hivyo. Tulimfahamu kama mama aliyemtesa bintiye Scarlett, halafu akampa Deacon sehemu ya ini lake ili apone saratani, akafa kwa ajili hiyo. Kabla hatujajua alikuwa nani, tumekwisha kumzika.

Kuna jambo ambalo michezo yenye nyimbo inalo na michezo mingine haina. Ndani yake, mtu asiye na kisa anaweza kupewa wimbo. Daphne alipewa nyimbo nyingi. Mtazamaji anaposikia sauti ile anaridhika, anadhani amekutana na mtoto. Anasahau kwamba wimbo ulitungwa na mtu mzima, ukachaguliwa na mtu mzima, na kwamba Daphne hajasema bado lolote la kwake. Makofi yanaufunika ukimya.

Hapo ndipo mchezo uliponigusa. Watoto wetu watulivu nao tunawapa nyimbo. Wako kwenye kwaya ya watoto, mstari wa mbele, sare imepigwa pasi. Wanasoma somo la pili siku ya Utoto Mtakatifu bila kukosea. Tunatabasamu, tunawaambia majirani kwamba huyu hanipi shida kabisa. Tunarudi nyumbani kushughulika na yule anayetupa shida.

Mama mmoja wa umoja wetu wa wanawake alinisimulia habari hii, akaniruhusu niiandike bila jina. Ana watoto wanne. Kifungua mimba wake, mvulana, alikuwa amefukuzwa shule mara mbili, na mwaka ule ulikuwa mwaka wa kuitwaitwa: mara ofisini kwa mwalimu mkuu, mara kwa balozi wa nyumba kumi, mara kituo cha polisi usiku. Wa pili ni msichana wa miaka 14, ndiye anayeamka kuteka maji, anawavika wadogo zake, anaimba sauti ya pili katika kwaya. Jioni moja walikuwa wakiutazama mchezo huu. Daphne akapita, akasema neno moja, akatoweka. Msichana akasema, kama mtu anayejisemea mwenyewe, laiti Daphne angeiba hata kitu kidogo, angalau tungeonyeshwa chumba chake.

Mama akacheka. Usiku usingizi ukamruka. Alilala akihesabu juma lililopita: saa alizotumia kwa ajili ya mvulana zilikuwa nyingi hata hakuweza kuzijumlisha. Kwa ajili ya msichana alikumbuka maneno aliyomwambia. Funga mlango. Umechemsha maziwa? Mwangalie mdogo wako. Hakukumbuka hata jambo moja ambalo msichana alimwambia yeye.

Hakumwita akamketisha na kumhoji. Alifanya vizuri, nadhani, kwa sababu mtoto wa namna ile ukimketisha atakuambia kwamba mambo yote ni mazuri, Mama. Alianza kwenda naye sokoni siku za Jumamosi, wawili tu, wadogo wakibaki na shangazi yao. Jumamosi ya kwanza walizungumza juu ya bei ya nyanya. Ya pili vilevile. Ya tatu, wakiwa wanangoja basi, msichana akasema kwamba tangu shule zifunguliwe mwezi wa kwanza hasomi yaliyoandikwa ubaoni. Anaona ukungu. Amekuwa akinakili kutoka daftari la rafiki yake. Wakati huo ulikuwa mwezi wa nane. Mama akamwuliza kwa nini hakusema. Akajibu kwamba nyumba ilikuwa na shida za kutosha, na miwani ni pesa.

Miezi minane, wapendwa. Na ripoti ya shule ilikuwa imekuja nyumbani katikati yake. Namba yake darasani ilikuwa imeshuka kutoka ya 4 hadi ya 19, lakini siku ileile ripoti ilipofika barua ya kumfukuza kaka yake nayo ilifika, na ripoti ikawekwa juu ya kabati.

Nimekwisha kusikia hoja ya baadhi yenu. Mtasema, mama afanyeje? Anayezama ndiye anayeokolewa kwanza. Ni kweli. Hata katika mchezo wenyewe sipendi mtu aseme kwamba Juliette alipewa muda bure. Ile habari ya Juliette baada ya kujifungua Cadence, mtoto wake na Avery, ilikuwa na faida kwa wanawake wengi kuliko mahubiri kadhaa niliyowahi kuyasikia. Anajifungua, watu wanamtazamia afurahi, yeye hawezi hata kukaa chumba kimoja na mtoto. Anakimbilia kazi, anakunywa, anamwachia mume mtoto. Ndoa inavunjika kabla hajakubali kwamba ni mgonjwa. Wako akina mama kati yetu waliopita hapo, wakaambiwa wana roho mbaya au wamelogwa, wakati walichohitaji kilikuwa kliniki na mtu wa kubeba mtoto wapate kulala. Kama unamjua mzazi mchanga anayelia kila siku kwa majuma, au anayesema mtoto angekuwa salama zaidi bila yeye, usingoje. Mpeleke kwa daktari leo, na usimwache peke yake na hayo mawazo. Dakika zile za Juliette sizionei wivu.

Ninachouliza ni kile kinachobaki. Mvulana yule asipewe kidogo, la hasha. Lakini mama mwenye watoto wanne hana dakika 42 tu, wala hana kituo cha televisheni kinachomwambia watazamaji wanataka nini. Dakika zile za sokoni hazikutolewa kwa kaka. Zilikuwepo. Mama alikuwa akienda sokoni kila Jumamosi, peke yake, akiwaza juu ya kaka.

Tukifungua Injili ya Luka sura ya 15 tunamkuta Daphne mwingine, ila yeye ni mvulana na ni mkubwa. Sote tunamhubiri mdogo: alivyodai urithi, alivyotapanya, alivyolisha nguruwe, alivyorudi na kuvishwa. Kaka mkubwa anaonekana tu mwishoni, anatoka shambani, anasikia ngoma. Tumezoea kumlaumu kwa wivu wake. Mwenye wivu alikuwa, sibishi. Lakini someni tena malalamiko yake bila haraka. Haombi ndama. Anataja mbuzi, mtoto wa mbuzi tu, wa kufurahi na rafiki zake, na anasema miaka yote hakupewa. Kumbe alikuwa na rafiki. Kumbe alitamani siku moja ya kufurahi. Habari hizi tunazijua kwa sababu alikasirika. Asingekasirika, tusingejua kwamba mtu huyu ana rafiki.

Na tazameni afanyalo baba. Anaondoka kwenye karamu yake mwenyewe, wageni wakiwa wamejaa, anatoka nje kumfuata na kumsihi. Siku ileile moja alitoka mara mbili, mara ya kwanza mbio kumlaki yule wa mbali, mara ya pili kwa huyu aliyesimama mlangoni. Mahubiri mengi niliyoyasikia yanaishia kwenye ile mbio ya kwanza. Kisha Bwana Yesu anaacha habari hiyo hapohapo. Hatuambiwi kama kaka aliingia ndani. Mchungaji mmoja alituambia kwamba imeachwa wazi ili Mafarisayo waliokuwa wakisikiliza waimalizie wenyewe. Inawezekana. Mimi kila nikiisoma nawaona watu wawili uani, usiku, ngoma zikisikika ndani, na mzazi hajui bado kama atajibiwa.

Tukirudi kwenye mchezo, niwatendee waandishi haki. Katika misimu ya mwisho, mama akiwa ameshakufa, walianza kumtazama Daphne. Alipewa rafiki wa kwake, na katika msimu wa sita akaingia katika shindano la kuimba bila dada yake. Lakini kufikia hapo mtoto aliyeanza na miaka minane alikuwa msichana wa miaka kumi na minne, na maswali aliyokuwa akiuliza akiwa mdogo yalikuwa yamekwisha kupita. Maisy Stella mwenyewe hakupungukiwa na kitu. Mwaka 2024 aliongoza filamu ya kuchekesha na kuliza, My Old Ass, akaibeba kuanzia mwanzo hadi mwisho, na waliokuwa wakimjua kama mdogo wake Maddie wakashangaa. Jina la filamu hiyo si la kutajwa mbele ya baba mkwe, na si ya kutazama na watoto wadogo. Lakini kipaji kilikuwapo tangu mwanzo, kimekaa mezani kinangoja kuulizwa.

Kama mnautazama mchezo huu nyumbani, au mchezo mwingine wowote wenye watu wengi, jaribuni jambo moja ambalo mimi nimelipenda. Sehemu ikiisha, badala ya kuzima na kutawanyika, mwulize mtoto wako mtulivu: kama wewe ungekuwa mwandishi, wiki ijayo ungempa nani sehemu nzima, na ungetaka tumwone akifanya nini? Mwulize yeye, na yule msemaji wa nyumba asimjibie. Usisahihishe jibu lake. Akisema sijui, mwache. Watoto hawa hawana haraka ya kujibu. Wengine watakujibu baada ya siku nne, mkiwa mnachambua mchele, wakianza katikati kana kwamba mlikuwa hamjaacha kuzungumza. Ukisikia hivyo, acha mchele.